Kinanda Kilichonyamazishwa Geto

Kijana wa Dar es Salaam akisema anarudi geto, anamaanisha chumba chake cha kupanga: godoro, spika, labda jiko la gesi pembeni. Neno hilo limetoka mbali kabla ya kufika Sinza. Lilianzia Venice, Italia, ambako mwaka 1516 Seneti iliwaamuru Wayahudi wahamie kisiwa kidogo kilichowahi kuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba. Wanahistoria wengi husema jina la kiwanda hicho ndilo lililozaa neno ghetto. Usiku malango yalifungwa, na walinzi Wakristo walikesha kwa mshahara uliotoka mifukoni mwa waliofungiwa.

Ndani ya malango hayo, karibu na mwaka 1629, ilikuwepo kwaya.

Kuwepo kwake tu kulikuwa hoja. Waroma walibomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70, na tangu hapo marabi wengi walifundisha kwamba Israeli wako matangani. Hekaluni Walawi waliimba na kupiga ala. Sasa sinagogi lilipaswa kutosheka na sauti ya kiongozi wa sala na waumini wanaomwitikia. Kuimba kwa sauti nne, kila moja na njia yake, kulisikika masikioni mwa wengi kama kucheza ngoma msibani. Kibaya zaidi, kulifanana na kanisa la jirani.

Leon Modena hakukubali. Alikuwa rabi wa Venice, msomi, mwimbaji, na mcheza kamari asiyepona. Mwaka 1605, akiwa Ferrara, aliwaongoza waimbaji wachache waliojua muziki wa noti, na mtu mmoja akasimama kupinga. Modena aliandika fatwa ndefu: muziki uliokatazwa ni ule wa ulevi na anasa, lakini nani atamzuia bwana na bibi harusi wasiimbiwe? Kama harusi inaruhusiwa, sikukuu ya Mungu ina kosa gani? Marabi wengine wa Venice walimuunga mkono.

Hoja ilipata nyimbo huko Mantua. Salamone Rossi, Myahudi aliyepiga fidla katika jumba la watawala wa Gonzaga, alitunga vipande 33 vya Kiebrania kwa ajili ya sinagogi, vikachapishwa Venice mwaka 1622 na 1623, Modena akisimamia uchapaji. Hapo ukatokea mkwamo ambao yeyote aliyesoma madrasa ataucheka: noti huenda kutoka kushoto kwenda kulia, Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto. Waliamua noti ziende njia yake, na kila neno libaki limeandikwa kama lilivyozoeleka. Mwimbaji alijua maneno kwa moyo. Macho yangejitafutia njia.

Kisha vita vya kugombea urithi vikaikumba Mantua. Wanamuziki Wayahudi wakakimbilia Venice, na kutokana na ujio wao kikazaliwa chama cha muziki ndani ya geto, Modena akiwa kiongozi. Jina lake la Kiebrania lilitoka Zaburi ya 137, ile ya mateka wanaoulizana watawezaje kuimba ugenini. Chama kilijibu swali hilo kwa mazoezi.

Jioni ya Simhat Torah, sikukuu ya kuifurahia Torati, sinagogi la Wahispania lilipambwa kwa fedha na kwaya mbili zikaimba zaburi. Mabwana na mabibi wa Kikristo walifurika hata walinzi wakahitajika mlangoni. Pamoja na ala nyingine kililetwa kinanda. Marabi wakaruhusu kwaya lakini wakakataa kinanda kisipigwe, kwa kuwa kilikuwa sauti ya kanisani. Huo ndio mpaka waliouweka: koo ziwe huru, kinanda kinyamaze. Ni rahisi leo kuwaita wakaidi. Lakini watu waliofungiwa kila usiku walikuwa na sababu ya kuuliza ni kipi kitabaki chao wakishaazima kila kitu.

Furaha haikudumu. Mwaka 1630 majeshi ya mfalme mkuu wa Ujerumani yaliipora Mantua na geto lake. Baada ya hapo Rossi haonekani tena katika kumbukumbu. Tauni ya 1630 na 1631 iliua karibu theluthi moja ya wakazi wa Venice, wakiwemo waimbaji wa chama.

Nyimbo za Rossi zilisahaulika hadi miaka ya 1870, Samuel Naumbourg, kiongozi wa sala jijini Paris, alipozichapisha upya. Leo kwaya za Wayahudi na wasio Wayahudi huziimba. Na habari za jioni ile tumezipata kwa Giulio Morosini, mwanafunzi wa Modena aliyebatizwa akawa Mkatoliki. Kitabu chake cha 1683 kilikusudiwa kuwaonyesha Wayahudi makosa yao. Katikati ya mashtaka hayo, alisimama kidogo kueleza jinsi kwaya ilivyoimba.