Kiashiria cha damu: kufuatilia mzio wa kuvu puani baada ya upasuaji

Mfasiri anayekutana na istilahi ya Kiingereza "blood marker" kwa mara ya kwanza huvutwa na "alama ya damu", na hapo msomaji wa Kiswahili ameshapotea, kwa sababu anachokiona ni doa kwenye shuka. "Kipimo cha damu" kinaeleweka zaidi, lakini kipimo ni kazi ya maabara: damu hutolewa, hupitishwa kwenye mashine, namba hutoka. Tunachotafuta ni jina la kitu kilichomo ndani ya damu, ambacho wingi wake hudokeza jambo linaloendelea mahali pengine mwilini. Hicho nakiita kiashiria cha damu. Wasomaji wa magazeti wamekizoea kiashiria katika habari za uchumi na elimu, na wanajua kwamba huelekeza tu, hakithibitishi.

Ugonjwa mmoja unaonyesha vizuri kazi ya istilahi hii: sainasi ya mzio wa kuvu. Sainasi ni mianya ya hewa iliyomo katika mifupa ya uso, kandokando ya pua. Sote huvuta chembechembe za kuvu kila siku, na wengi wetu hatudhuriki. Kwa wachache, kinga ya mwili hupambana nazo kupita kiasi. Nyama za puani huota, sainasi hujaa ute mzito kama siagi ya karanga, na msukumo wake unaweza kutanua mfupa hata jicho likatokeza mbele.

Mtaani watu wataita hali hii "fangasi wa pua". Jina hilo silikubali, kwa kuwa linachanganya magonjwa mawili yanayotibiwa kwa njia tofauti kabisa. Zipo kuvu zinazovamia tishu. Mukomaikosisi, iliyowapata wagonjwa wengi wa UVIKO-19 nchini India mwaka 2021, hasa wenye kisukari, inaweza kuua kwa siku chache, na hutibiwa kwa dawa za kuua kuvu pamoja na upasuaji wa dharura. Katika ugonjwa tunaouzungumzia, kuvu haipenyi tishu. Imo ndani ya ute, na kinachomtesa mgonjwa ni mzio wake mwenyewe. Ndiyo maana nasisitiza neno mzio litangulie kuvu.

Jina lenyewe limepita njia ndefu. Mwaka 1983 Katzenstein na wenzake waliuhusisha ugonjwa huu na kuvu ya Aspergillus peke yake. Baadaye ikabainika kwamba Bipolaris, Curvularia na Alternaria nazo huusababisha, jina likapanuliwa. Mwaka 1994 Bent na Kuhn wakatoa vigezo ambavyo madaktari wanavirejea hadi leo: mzio wa aina ya kwanza, nyama za puani, picha ya CT yenye sura maalumu, ute uliojaa eosinofili (seli nyeupe zinazoongezeka katika mzio) bila tishu kuvamiwa, na kuvu kuonekana katika ute huo.

Upasuaji wa kamera huondoa nyama na ute, na mgonjwa anaanza kupumua. Mzio haukatwi kwa kisu. Ugonjwa unaweza kurudi baada ya miezi au miaka, na hapo ndipo viashiria vya damu vinapohitajika.

Kinachotumika zaidi ni imunoglobulini E, kwa kifupi IgE. Ni kingamwili iliyogunduliwa na makundi mawili: Kimishige na Teruko Ishizaka kule Denver, na Johansson na Bennich kule Uppsala, ikapewa jina lake rasmi mwaka 1968. Wagonjwa wa sainasi ya mzio wa kuvu mara nyingi huwa na IgE jumla iliyopanda sana, pengine kupita uniti 1,000 kwa mililita. Baada ya upasuaji na dawa hushuka. Ikianza kupanda tena, daktari hushtuka na kuingiza kamera puani. Kiashiria cha pili ni zile eosinofili, safari hii zilizomo katika damu. Hizi huhesabiwa kwa bei nafuu zaidi, lakini kidonge cha prednisoloni, dawa ya steroidi, huzishusha ndani ya saa chache, hivyo hesabu iliyochukuliwa mgonjwa akiwa kwenye dozi haimwambii daktari mengi.

Hapa kitenzi nacho kina uzito. Kubaini ugonjwa na kuufuatilia ni kazi mbili. Anayebaini hulinganisha namba na ya watu wengine; anayefuatilia hulinganisha namba ya mgonjwa na ya mgonjwa yuleyule. Katika ugonjwa wa mapafu ulio jamaa wa huu, mzio wa Aspergillus kwenye njia za hewa, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2024 unahesabu kuongezeka kwa IgE kwa asilimia 50 juu ya kiwango cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na dalili kuzidi, kuwa ni ugonjwa kuamka. Kiwango hicho cha mwanzo nakiita kiwango cha msingi, na kwa mgonjwa wa sainasi hakipatikani bila damu kupimwa kabla ya upasuaji na tena hali yake inapotulia.

Kwetu kiwango hicho cha msingi kina uzito zaidi. Minyoo ya safura, minyoo ya tumbo na kichocho cha kandokando ya Ziwa Victoria hupandisha IgE na eosinofili vilevile. Mvuvi wa Mwanza mwenye IgE ya 2,000 huenda pua yake ni salama kabisa. Tena kuna mnyoo aitwaye Strongyloides, ambao ukimkuta mtu anayemeza prednisoloni unaweza kuzaliana na kusambaa mwilini mzima hadi kumuua. Basi mgonjwa achunguzwe minyoo kabla ya steroidi, na karatasi ya maabara isiandikwe IgE peke yake. Iandikwe pia tarehe ya upasuaji, tarehe ya mwisho ya dawa za minyoo, dozi ya steroidi, na kama anachomwa omalizumabu, kwa sababu dawa hiyo huishika IgE na kuifanya ikawie damuni, namba ikapanda huku mgonjwa akipata nafuu.