Ila Iliyoandikwa: Reli ya Bonde la Mkondoa

Miongoni mwa maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu ni aibu, ambalo kwa mafakihi wa biashara ni ila ya bidhaa, na hukumu yao ni kwamba muuzaji aijuaye ila hiyo asimbainishie mnunuzi amemghushi. Lakini vinywani mwetu neno hilo limekuwa fedheha, na labda ndiyo sababu mtu huona tahayuri kuiandika kasoro ya kazi yake.

Ila ya nchi ya Kilosa iliandikwa kabla ya chuma cha kwanza kutandikwa. Msafiri Henry Morton Stanley, akirejea pwani mwaka 1872, aliikuta nyika ya Makata imegharikishwa na mji wa Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo, umebomolewa na mafuriko, akayatia hayo kitabuni mwaka ule ule. Hata hivyo Wadachi, walioianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, waliufuata mto Mkondoa kutoka Kilosa kuelekea Gulwe, kwa kuwa bonde lile liliwapa mwinuko mpole wa kuipandia milima ya Usagara. Njia waliipata, na ila yake pamoja nayo.

Kwa desturi ya reli, mtu wa gangi apitaye juu ya mataruma asubuhi, akaona tuta limeliwa na maji au kalavati imezibwa na mchanga, haambiwi kwamba ameitukana reli. Habari yake hufika stesheni, ikaandikwa, na dereva akapewa karatasi ya kumjulisha ni kilomita ipi apunguze mwendo. Mikumi nako, ambako barabara kuu ya Iringa hukata hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964 kwa masafa ya kilomita 50 hivi, wanyama hawakuzuiwa kuvuka wala barabara haikuhamishwa; yakawekwa matuta, na vibao vya kumtahadharisha dereva.

Mafundi wa programu za kompyuta waliifuata njia hiyo hiyo. Katika mwongozo wa mfumo wa kompyuta wa Unix wa Novemba 1971, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, maelezo ya amri yalikuwa na fungu la hitilafu zijulikanazo. Mwenye kuuliza kwa nini ajuaye hitilafu asiitengeneze kwanza, na ashuke Kilosa autazame mto: ziko ila zisizoondoka kwa siku moja, na treni ya leo lazima ipite.

Lakini daftari halizuii maji. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa makazi, na reli ikakatika katika bonde lile lile. Kuandika ila ni kutimiza amana. Kuiacha ilivyo kwa hoja kwamba imekwisha andikwa, hiyo si ila tena, ni hila. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa, miaka 152 baada ya Stanley kuyaandika maji yale.