Nyundo juu ya mafuta: mseto wa Rufiji na siri ya kimelea

Mwanzoni mwa mwaka 2003, zahanati na vituo vya afya vya Rufiji vilianza kutoa tiba ya malaria ambayo wenzao wa Kilombero na Ulanga hawakuwa nayo. Ilikuwa SP (sulfadoksini na pirimethamini) ile ile iliyozoeleka, ila safari hii iliandamana na vidonge vya atesunati. Kibiti, na Mtawanya ndani yake, ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Hivyo watu wa huku, wa mikorosho ya juu na wa madungu ya mpunga bondeni, wakawa miongoni mwa wa kwanza Tanzania Bara kutibiwa kwa mseto kama jambo la kawaida.

Wilaya hii ilikuwa na kitu ambacho wilaya nyingi hazikuwa nacho, nacho ni kumbukumbu. Tangu Novemba 1998 wahojaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba mara tatu kwa mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki na kwa ugonjwa gani, katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Kwa kumbukumbu hizo, watafiti wa afya wa Ifakara wangeweza kuona dawa inabadilisha nini katika maisha ya watu. Nasema wazi kwamba kuna deni ambalo halijalipwa: majina ya wanasayansi yanajulikana duniani, lakini kaya zilizofungua milango na kusimulia misiba yao hazitajwi.

Haja ilikuwa kubwa. Waliokua miaka ya tisini wanaikumbuka klorokwini kwa jinsi ilivyowasha mwili mzima usiku kucha. Ilifika mahali ikawa inawasha tu, homa haishuki. Tanzania Bara iliiacha mwaka 2001 ikaingia SP, nayo ikaanza kuchoka mapema. Mseto wa artemeta na lumefantrini, yaani ALu, ulienea nchi nzima kuanzia mwishoni mwa 2006.

Asili ya atesunati ni pakanga ya Kichina. Mwaka 1972 kikundi cha Tu Youyou kilitenga kutoka kwenye mmea huo kiini kinachoitwa artemisinini, na mwaka 2015 mama huyo akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini dawa hii inauaje kimelea cha malaria? Jibu moja linapita kwenye historia nyingine kabisa, iliyoanzia kwenye kongosho la njiwa.

Mwaka 1953 Mabel na Lowell Hokin, mume na mke waliokuwa wakifanya utafiti Montreal, waliweka vipande vya kongosho la njiwa kwenye maji yenye fosforasi ya mnururisho, kisha wakakiamsha kiungo hicho kwa kemikali ya neva. Hawakuwa wakitafuta habari za mafuta. Hata hivyo fosforasi ilikimbilia kwenye mafuta ya utando wa seli. Mafuta yaliyodhaniwa kuwa ukuta tu, kumbe yalikuwa yakipokea habari.

Kinachobandika fosforasi hiyo kwenye mafuta ni kimeng'enya kiitwacho kinasi ya lipidi. Aliyewahi kupita kizuizi cha maliasili barabara ya Kilwa ataielewa haraka. Ofisa misitu hugonga gogo kwa nyundo yenye alama. Gogo ni lile lile, lakini kuanzia hapo kila mtu njiani anajua la kufanya nalo. Kinasi hugonga fosfeti juu ya mafuta, na protini zinazopita huisoma alama: kusanyikeni hapa, bebeni mzigo huu, gawanyikeni. Mahali ilipogongwa nyundo ndipo penye maana. Wataalamu walizijua nafasi ya 4 na ya 5 kwenye molekuli ya mafuta hayo, mpaka mwaka 1988 kikundi cha Lewis Cantley nchini Marekani kilipoonyesha kinasi inayogonga nafasi ya 3. Ndiyo inayopitisha ujumbe wa insulini, na ikiharibika huchochea saratani.

Kimelea cha malaria nacho kina nyundo hiyo, moja tu ya nafasi ya 3. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba inakisaidia kusafirisha hemoglobini ya damu yetu hadi kwenye mfuko wake wa chakula. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame wakaandika kwamba artemisinini huifunga kinasi hiyo. Si wote waliokubali. Mimi naona ushahidi mzito zaidi uko upande wa wanaosema dawa huwashwa na chuma cha hemoglobini, kisha huunguza protini nyingi kwa mpigo. Hata hivyo njia zote mbili zinakutana kwenye mlo wa kimelea: kikipunguza kula damu, dawa hukosa cha kuiwasha.

Ndivyo usugu unavyoonekana kufanya kazi. Mabadiliko kwenye jeni iitwayo K13 hupunguza ulaji huo katika saa za mwanzo za uhai wa kimelea. Karagwe, mkoani Kagera, utafiti wa mwaka 2022 ulithibitisha kwamba vimelea vya namna hiyo vinachelewa kusafishika damuni, ingawa mseto bado uliwaponya wagonjwa walio wengi.

Nyundo ya nafasi ya 4 ndiyo iliyoleta tumaini jingine. Mwaka 2013 ilielezwa kwamba kinasi hiyo ikizuiwa, watoto wa kimelea hawapati utando wa kuwatenganisha. Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia, kilikuwa tayari kimetangaza mwaka 2012 dawa iliyokuja kugundulika kuwa inapiga hapo hapo, MMV390048. Ilijaribiwa kwa binadamu Afrika Kusini, kisha Ethiopia, halafu ikasimamishwa baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha hatari kwa mimba. Kwenye kabati za zahanati za Kibiti bado iko ALu: vidonge vinne kwa mtu mzima, mara mbili kwa siku, siku tatu.