Mwani na Umri wa Mtu

Ukulima wa mwani wa biashara ulipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu ilitoka Ufilipino, na wengi walioingia majini na kamba na vigingi walikuwa wanawake. Mwaka huohuo Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1991. Matukio hayo hayakujuana. Nayaunganisha kwa kuwa historia ya bahari yetu inayozidi joto haiandikiki pasi na watu kusimulia umri wao.

Ripoti zinatwambia kuwa mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, ulianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000: ukipauka, ukilainika, ukikatika kambani. Wataalamu walilitaja joto la maji ya kina kifupi. Spinosamu ulistahimili zaidi, ila bei yake ni ndogo. Hapo ripoti huweka nukta.

Bibi mmoja wa Paje, aliyenihadithia jioni nzima huku akisuka ukili, hakutaja nyuzijoto hata moja. Miaka aliihesabu kwa watoto. Bati la nyumba lilitokana na mwani wa mtoto wa tatu. Wa tano alipoingia skuli, kotonii ulikuwa haushiki tena, naye akahamia spinosamu. Alipoambiwa kuwa kwenye kina kirefu maji hayachemki na mwani hustawi ndani ya nyavu, aliuliza nani atamfunza kuogelea, na kwa chombo cha nani. Mtoto wa kike wa zama zake alishuka pwani maji yakitoka, akapanda yakijaa. Kilindi kilikuwa cha wanaume. Kilichomzuia, basi, hakikuwa kutoijua bahari, bali malezi ya miaka ya 1960. Kipimajoto gani kitatuonesha hilo?

Sitaki kuyatukuza masimulizi kupita kiasi. Jirani yake alizilaumu hoteli, mwengine akawalaumu wanunuzi, na kumbukumbu hutia bei na joto katika chungu kimoja. (Na maisha nayo, kwa hakika, ndivyo yalivyowapikia.)

Nilipomsomea bibi niliyoyaandika, alinisahihisha pahala pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba aliuacha mwani wa kotonii. Hakuuacha, alisema, uliondoka wenyewe, yeye yungali majini.