Kura ya Mke Wangu: Subaru, Evo na Safari Rally

Kati ya 1996 na 2001 Safari Rally ilifanyika mara sita, na mara tano ushindi ulienda kwa kampuni mbili tu. 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Mitsubishi Lancer Evolution. 1997 Colin McRae akajibu na Subaru Impreza. 1998 Richard Burns akaurudisha ushindi Mitsubishi, akiendesha Carisma GT ambayo kwa kweli ilikuwa Evo iliyobadilishwa jina. 1999 Ford ikapita katikati yao, McRae akiwa usukani. 2000 Burns alikuwa ameshahamia Subaru, akashinda tena. 2001 Mäkinen akafunga hesabu na Evo. Ukijumlisha unapata Mitsubishi tatu, Subaru mbili.

Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo mzizi wa ubishi unaousikia hadi leo Nairobi, pale wasee wanapooshea magari Jumamosi asubuhi. Subaru ama Evo? Huu si ubishi wa bei peke yake. Ni ubishi wa ukoo, kama Gor na Ingwe, ambapo mtu huchagua upande kabla hajajua kuendesha. Mimi nilichagua Evo nikiwa shule ya msingi. Halafu nikaoa, na nikagundua kwamba kuna mpiga kura mwingine ambaye hakuwa kwenye ubishi huo kabisa.

Tulijadiliana miezi minne. Nilidhani nitamshawishi mke wangu kwa historia. Kumbe historia yenyewe ilikuwa upande wake.

Tuanze kwa kuuliza kwa nini magari haya yapo. Miaka ya tisini, kampuni iliyotaka kushindana kwenye rally za dunia chini ya kanuni za Kundi A ilitakiwa kwanza itengeneze magari ya namna hiyo na kuyauzia watu wa kawaida, angalau 2,500. Yaani huwezi kuunda mnyama mmoja wa mashindano ukamficha karakana. Ni lazima umuuzie mwalimu, karani na daktari. Ndiyo maana 1992 Mitsubishi ilichukua Lancer, gari la familia, ikalipachika turbo na kuendesha magurudumu yote manne, ikaliita Evolution. Mwaka huo huo Subaru ikatoa Impreza, na toleo lake kali likaitwa WRX. Yote mawili yalikuwa na injini ya lita mbili. Ya Evo imesimama wima, silinda nne kwa mstari. Ya Subaru imelala bapa, pistoni zinarushiana ngumi kushoto na kulia, na ndiyo chanzo cha ule mngurumo unaoujua hata ukiwa ndani umefunga dirisha. Makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana kwamba hakuna atakayetangaza gari la zaidi ya nguvu farasi 280, kwa hiyo kwenye karatasi walikuwa sare. Vita vikahamia kwingine: kona, breki, na sifa.

1997 kanuni mpya zikaja. Subaru ikazikumbatia mara moja, ikaunda Impreza ya milango miwili ya mashindano tu. Mitsubishi ikabaki na Kundi A hadi 2001. Hapa ndipo mashabiki wa Evo tulipokuwa tunatamba: Evo ya dukani ilikuwa ndugu wa karibu zaidi wa ile ya Mäkinen. Nilimweleza Mama Neema hoja hii jikoni, kwa mkono na kijiko. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Neema, kwa hivyo unaniambia tunanunua gari la mashindano. Asante kwa kukiri."

Kenya haikuwa mtazamaji tu kwenye historia hii. Safari ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka huo huo ndipo kampuni mama ya Subaru ilipoundwa kule Japani. Jina lenyewe Subaru ni Kijapani cha kundi la nyota ambalo wazee wetu waliliita Kilimia, nyota za msimu wa kulima. Mitsubishi nayo ilikuwa na mizizi hapa mapema zaidi: Joginder Singh, Simba wa Kenya, alishinda Safari ya 1974 na ya 1976 akiwa na Colt Lancer, baada ya kushinda ile ya 1965 na Volvo. Kwa hiyo Lancer ilikuwa jina la nyumbani kabla Evo haijawazwa.

Upande wa Subaru, jina ambalo halistahili kusahaulika ni Patrick Njiru. 1993 Subaru ilileta Safari kigari kinachoitwa Vivio, kidogo kama kiberiti, injini haifiki hata lita moja. McRae, ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia, alipewa kimoja na hakufika mwisho. Njiru alipewa kingine, akafika. Mwaka uliofuata akamaliza wa nne kwa Impreza, Mkenya mwenzake Ian Duncan akishinda na Toyota. Hiki kisa cha Vivio nilikitoa mimi, nikitaka kuonyesha jinsi Safari ilivyokuwa ngumu. Mama Neema alikishika hapo hapo, hakukiachilia tena. "Huyo Njiru," alisema, "ndiye dereva ninayemtaka kwa hii nyumba."

Kisha akaniuliza kama wake wa madereva hao walikuwa wanaulizwa chochote. Nikamwambia kuhusu Shekhar Mehta, aliyeshinda Safari mara tano: 1973, halafu 1979 hadi 1982 bila kupumua. Mkewe Yvonne alikuwa msomaji wake wa ramani kwenye baadhi ya mashindano ya dunia. Hakuwa mke wa kungoja kwenye jukwaa na leso. Alikaa kando ya dereva, akisema kona ipi inakuja na iingiwe kwa kasi gani. Kwenye rally dereva asiyemsikiliza msomaji wake hafiki mbali, kwa sababu macho ya dereva yanaona hadi pale barabara inapopinda, na karatasi ya msomaji inajua kilichoko ng'ambo ya pindo. Nilikuwa nimeitoa hiyo kama hadithi tamu. Ikageuka katiba.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo lilikuwa mezani muda wote, hata tulipokuwa tunacheka. Kaka mkubwa wa mke wangu alifia Thika Road, usiku, miaka michache baada ya barabara kupanuliwa. Alikuwa kwenye gari lenye kasi, la rafiki yake. Lilikuwa la kampuni gani si hoja, na yeye hajawahi kulitaja. Sisi tunakaa Ruiru. Barabara ile ndiyo mimi naipitia kwenda kazini na kurudi, siku tano kwa wiki. Kwa hiyo niliposema "Evo", yeye alisikia kitu kingine kabisa. Jioni moja aliniambia bila kupaza sauti, "Mimi sikatai upendo wako wa magari. Nakataa kupigiwa ile simu mara ya pili."

Hakuna jibu la nguvu farasi kwa sentensi hiyo.

Kulikuwa pia na pesa. Mkopo ulikuwa wa sacco, na yeye alikuwa mmoja wa wadhamini wangu. Hata bila sacco, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango si pesa taslimu tu: kulea watoto na kazi za nyumbani nazo ni mchango. Wanaume wengi tunaongea kuhusu "ruhusa ya madam" kana kwamba ni utani wa baa. Lakini mtu ambaye akiba yake inashikilia deni lako hakupi ruhusa. Anapiga kura.

Na ukiangalia vizuri, kura hizo ndizo zinazoeleza kitu ambacho kila mkazi wa Nairobi anakiona: kwa nini Subaru zimejaa na Evo ni za kuhesabu. Magari haya hayakuja kwa wingi yakiwa mapya. Yalikuja mitumba, kupitia bandari ya Mombasa, usukani kulia, na kwa kanuni kwamba gari lisizidi miaka minane. Gari likishafika yadi, linanunuliwa na familia. Hapo ndipo Subaru ilikuwa imejipanga bila hata kutukusudia. Impreza tangu mwanzo ilikuwa na toleo la mgongo mrefu lenye buti la maana. WRX ilipatikana na gia za otomatiki. 1997 ikaja Forester, iliyojengwa juu ya msingi wa Impreza, ndefu kiasi cha kupita matuta ya mtaani, na baadhi zikiwa na turbo. Ilikuwa ngazi yenye vipandio vingi: mume akidai kasi, mke akidai buti na kiti cha mtoto, kulikuwa na kipandio cha katikati ambapo wote wawili wanaweza kusimama. Evo ilikuwa ukuta. Ilikuwa sedani, ya gia za mkono karibu kila mara. Toleo la buti refu lilikuja 2005 tu, tena machache. Kweli, kulikuwa na Airtrek ya turbo, yenye injini ya ukoo wa Evo, lakini ni wachache waliojua wanaendesha nini.

Kwa hivyo ule ushindi wa tatu kwa mbili wa Mitsubishi ulikuwa wa porini. Mjini, Subaru ilishinda mezani, watu wawili wakiwa na kalamu na karatasi.

Sisi tuliishia na Forester, turbo, otomatiki. Mama Neema aliweka masharti matatu, na niliyaandika kwa mkono wangu. La kwanza, injini inabaki kama ilivyotoka kiwandani: hakuna fundi wa Grogan wa kuiongezea pumzi, hakuna ekzosi ya kupiga baruti. La pili, tairi na breki zinabadilishwa kabla ya redio. La tatu, akiwa ndani na akasema "punguza", napunguza kwanza, tunabishana baadaye. Nilipomuuliza hilo la tatu amelitoa wapi, akasema, "Kwa Yvonne."

Mitsubishi iliacha rally za dunia mwisho wa 2005. Subaru ikafuata 2008. Evo ya mwisho ilitengenezwa 2016, na STI ya petroli nayo haikupata mrithi. Safari yenyewe ilitoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 kule Naivasha, na hadi 2025 Toyota ilikuwa imeshinda kila mwaka. Watoto wa sasa watachagua upande mwingine. Jirani yetu ana Evo ya saba, nyeupe, anaitoa Jumapili tu, na ninakubali kwamba nikiisikia inawaka, mimi husimama. Mke wangu hunisubiri nimalize kusikiliza. Kisha tunaingia ndani ya letu, yeye kiti cha kushoto, Neema nyuma, na tunashika Thika Road kwa themanini.