Dufu la Kasongo: urithi wetu au ugomvi wetu?



Katika mikutano ya miezi hii, Kasongo na Kabambare pia, kuko swali moja lisilokwisha. Kikundi cha vijana waliorudi kimeomba chama kinunue madufu manne kwa ajili ya maulidi na harusi. Wazee wengi wamekubali. Vijana wengine, waliosoma dini kule walikokimbilia, wamekataa: wanasema maulidi ni jambo la kuzushwa, Mtume mwenyewe hakulifanya, na feza za kotizasyo zisiingie humo. Wenzetu Wakristo nao wanauliza, hii inatuhusu nini? Basi kamati imetuomba sisi tunaozunguka vijijini tuandike historia kidogo kabla ya kura.

Uislamu ulifika kwetu na misafara ya kutoka pwani, kwa njia ya Ujiji. Tusifiche: misafara ile ilitafuta pembe za ndovu na watumwa. Livingstone alikaa Kabambare miezi mingi akiwa mgonjwa, halafu akafika Nyangwe. Pale, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wa misafara wakipiga risasi sokoni. Walikufa mamia, wengi wao wanawake. Lakini katika njia ileile ulikuja mpunga tunaolima, ikaja kanzu, zikaja nyumba za baraza, kikaja chuo cha kusomea Korani, na hiki Kiswahili chetu. Wapagazi, askari, wake na watoto wa misafara, wengi wao watu waliotekwa humuhumu Kongo, wakaanza kuitwa waungwana, ndiyo maana lugha yetu iliitwa Kingwana.

Utawala wa Tippu Tip na wenzake haukudumu. Jeshi la Leopold II, chini ya Dhanis, liliingia Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili. Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa na jeshi lile, aliandika kwamba walikuta magodoro ya hariri, na mashamba ya kahawa na miwa. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa mwaka uleule. Januari 1894 Kabambare nayo ikachukuliwa, Rumaliza akakimbia. Mji wa zamani wa Kasongo ukaachwa, na mpaka leo mahali pale panaitwa Tongoni, yaani palipohamwa. Mwanachama aliyerudi Salamabila akakuta majani yameota ndani ya nyumba yake haitaji kuelezwa neno hilo.

Sasa tujiulize: mabwana walipoondoka, dini ilibaki mikononi mwa nani? Ilibaki kwa wale wale waliotekwa na watoto wao. Hawakuwa tena na bunduki wala biashara. Na serikali ya Wabelgiji iliwatazama kwa mashaka. Misheni za Kikatoliki zilipewa shule, nayo serikali ikazisaidia. Mzazi Mwislamu alichagua: mtoto aende kwa mapadri, pengine abatizwe, au abaki na chuo tu. Wengi walibaki. Shule za serikali zisizo za misheni zilianza kufunguliwa kwa Waafrika mwaka 1954, wakati wa waziri Buisseret, miaka sita tu kabla ya uhuru. Ndiyo sababu moja ya wazee wetu wengi kujua herufi za Kiarabu lakini kutopata kazi ya ofisi.

Katika miaka ile migumu, kati ya vita viwili vya dunia, tarika ya Kadiria ilienea Maniema. Zanzibar ilikuwa imepata nguvu kwa Sheikh Uways wa Barawa, mwisho wa karne ya 19, ikapanda bara mpaka Ujiji, ikavuka ziwa. Ilikuja na zikri na dufu. Mtu asiyejua Kiarabu aliweza kuitikia pamoja na wenzake. Mjukuu wa mtumwa aliweza kukaa safu moja na mjukuu wa bwana. Serikali iliiogopa tarika, na Waislamu wenyewe walibishana: je, dufu liingie msikitini au libaki nje? Kumbe mabishano yetu si mapya hata kidogo. Hayakuletwa na waliorudi kutoka Nyarugusu wala na mtu aliyesoma ng'ambo. Babu zetu walibishana hivyo hivyo, na waliendelea kuzikana.

Baadaye ilikuja vita ya Simba mwaka 1964, kisha COMICO mwaka 1972 ili Waislamu wa nchi wawe na jumuiya moja mbele ya serikali, kisha vita vya 1996 na 1998. Kila mara watu walikimbia, na kila mara waliporudi, chuo na harusi vilianza tena kabla ya mengine mengi.

Kuhusu sheria ya dini, sisi si mashehe. Ila tumesikia pande zote, na kuna mahali zinapokutana: wanachuoni wengi wanaruhusu dufu katika harusi. Wanapotofautiana ni ala nyingine na maulidi yenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Madufu yanunuliwe na sanduku la chama kwa ajili ya harusi za wanachama, na yatunzwe na kamati ya wamama. Maulidi yachangiwe na wanaoyataka, nje ya sanduku, na asiyetaka asiitwe mpungufu wa dini. Kwaya ya kanisa ikiomba ngoma, iombe kwa utaratibu uleule.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua sanduku lile linabeba nini. Kotizasyo ikisimama kwa ugomvi, mgonjwa hatapata feza ya pikipiki ya kumpeleka hospitali, na mjane hatapata mabati kabla ya mvua. Wafadhili wetu hutusaidia na mbegu na mabati, na tunawashukuru. Kuzikana na kuozana ni kazi yetu wenyewe.

Kura itapigwa katika mkutano mkuu ujao. Kila familia iliyolipa ina sauti moja. Njooni na wazee, na wale vijana wanaokataa pia.