HISTORIA YA MBEGU YETU YA HOHO

Katika kijitabu hiki cha miaka 10 wengine wameandika habari za hisa na mikopo. Sisi tumeona tuandike habari za hoho, maana nusura zikivunje kikundi chetu.

Kwanza tujue zilikotoka. Pilipili zote, kali na zisizo kali, asili yake ni bara la Amerika. Huku kwetu zilikuja baada ya Wareno kufika pwani yetu mwaka 1498. Hoho tunayopanda sisi inaitwa California Wonder. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1928, kwa hiyo inatuzidi umri sote. Si chotara. Ukitunza mbegu yake ukaipanda tena, inazaa mfano wa mama yake. Ndiyo maana tuliipenda: dukani tulinunua kopo moja tu.

Tulianza mwaka 2015, akina mama 18, hapa milimani Lushoto. Kila mmoja alipanda nyuma ya nyumba. Kitalu kilikuwa sanduku la mbao lenye udongo wa msituni na samadi iliyooza. Kwa baridi ya huku, mbegu zilichukua hadi wiki 3 kuota. Miche ikifika majani matano au sita tuliihamisha, nafasi ya sentimita 45. Tulivuna vizuri, na mbegu tukatunza.

Mwaka 2017 ndipo tulipopata aibu. Wenzetu sita walikopa kwenye mfuko wakapanda mbegu ile. Hoho zikatoka, nyingine zimechongoka kidogo, tukasema ni jua. Mama lishe mmoja akapikia wateja wake. Lo! Watoto walilia. Matenga yakarudishwa, na wenye mikopo hawakuwa na cha kurejesha. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema ni uchawi, wengine walidai hisa zao wajiendee.

Kumbe kosa lilikuwa letu viongozi. Mbegu ilitoka bustani ya mwenyekiti, ambako hoho zilipandwa ubavuni mwa pilipili ndefu kali. Nyuki wakachanganya chavua. Hoho za msimu ule tulizila hazina ukali wowote, kwa sababu nyama ya tunda ni ya mama. Baba yumo ndani ya mbegu, unamwona msimu unaofuata. Mficha uchi hazai, basi tukasimama mkutanoni tukasema kweli. Mkutano uliongeza miezi sita ya marejesho bila riba, na viongozi tukanunua mbegu mpya kwa fedha zetu.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Anayetunza mbegu hapandi pilipili kali. Maua ya mbegu tunayafunika kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, na tunda likishika tunalifunga uzi liwe na alama. Hatulichumi mpaka liwe jekundu. Mbegu tunaanika kivulini kwenye sahani, kisha tunatia kwenye chupa kavu pamoja na majivu. Anayetumia sigara au ugoro anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche, maana tumbaku hubeba ugonjwa wa majani.

Wale sita walimaliza madeni mwaka 2018, na hakuna aliyejitoa. Chupa ziko kwa mweka hazina, pamoja na daftari la hisa. Kila moja ina jina la mwenye bustani na mwaka. Anayetaka mbegu aje akope kijiko kimoja, msimu ujao arudishe viwili.